Humu Haingii Msungo

Tulikuwa wanawake watano mlangoni, na ndani maiti amelazwa. Niwapange kwanza, maana nikianza kusimulia bila kuwapanga mtaniuliza kila mstari huyu ni nani.

Mimi ni mama wa marehemu. Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, ni shangazi wa marehemu na ndiye kungwi wa hapa kwetu Sindeni. Mabinti wa miaka thelathini iliyopita wengi wamepita mikononi mwake. Wa tatu ni mwoshaji, jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke mnene asiyependa maneno. Wa nne ni mtani wetu, mama wa Kisambaa aliyeolewa hapa kutoka Kerenge. Kwa utani wetu sisi Wazigua na wao ana ruhusa ya kusema msibani hata lisilosemeka. Wa tano ni mjukuu wangu, mtoto pekee wa marehemu, ambaye asubuhi ile alikuja na mwili wa mama yake kutoka Old Korogwe. Upande wa wanaume alikuwepo ustadhi, na watu wa kaburi walikuwa wameshaondoka na majembe. Marehemu ni kitinda mimba wangu. Baada yake sikuzaa tena.

Majina yao yote ninayo, na ya mama zao, na ya wanawake waliowapokea walipozaliwa. Darasani nilikaa muda mfupi tu, kwenye kisomo cha watu wazima, lakini jina la mtu likiingia kwangu halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Neno nitakalolieleza hunata, nami sitaki limnate mtu aliye hai kwa mkono wangu.

Mwanangu aliumwa miezi minne. Alilala kwa mwanawe Old Korogwe, karibu na mto, kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na huko. Mjukuu ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemgeuza, ndiye aliyemwosha asubuhi na jioni. Mimi nilikwenda mara mbili nikamkuta ananyanyua mama yake peke yake kama mtu anayenyanyua mtoto aliyelala. Sisi wengine tulikuwa tunapiga simu. Siandiki hivi ili nimsifu. Nataka ijulikane tu nani alikuwa anaujua mwili ule.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Maziko yalipangwa laasiri. Maji yalichemshwa, majani ya mkunazi yakapondwa, sanda ikakatwa. Mjukuu alivua gauni la safari, akajifunga khanga mbili, akachukua ndoo na kuelekea chumbani. Wifi yangu akanyoosha mkono, akaushika mwimo wa mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwosha mama, Bibi."

"Humu haingii msungo."

Mjukuu alidhani hakusikia vizuri. Mimi nilisikia. Ndoo ilikuwa bado mkononi mwake, na kwa muda kila mtu aliitazama ndoo badala ya kumtazama yeye.

Mtani wetu ndiye aliyeanza. "Haya! Wazigua mmeshaweka geti. Na huyo maiti mlimdai kitambulisho, au mlimpitisha tu?"

Alicheka peke yake, akaziba mdomo kwa khanga.

Sasa niseme neno lenyewe, maana vijana wanalitumia na hawajui limetoka wapi.

Nilipokuwa mtoto, msungo halikuwa tusi. Bibi yangu aliniita hivyo kila siku. "Wee msungo, toka hapo, watu wazima wanaongea." Msungo alikuwa binti ambaye hajawekwa ndani, hajafundwa, hajachezwa ngoma akatolewa nje. Sote tulikuwa wasungo kwa zamu yetu, kama vile sote tuliwahi kuwa vibogoyo. Tena lilikuwa neno la kusamehe. Binti akikaa vibaya mbele ya wakwe, akitaja kiungo cha mwili kwa sauti, akicheka pasipochekwa, wakubwa walisema, "Mwacheni, msungo huyo," na hasira ikaishia hapo. Hajaambiwa, atajuaje? Aliyechezwa ndiye aliyekuwa na kosa, kwa sababu yeye kaambiwa.

Ila kulikuwa na milango miwili ambayo msungo hakuingia. Mlango wa mwanamke anayejifungua na mlango wa maiti anayeoshwa. Bibi yangu alinieleza sababu siku nilipoulizia: humo ndani mwili wa mtu mzima hauna mwenyewe wa kuufunika, na aliyefundwa amekula kiapo kwamba alichokiona hatakitoa nje. Msungo hajala kiapo. Basi, hakuna kingine. Mlango ulikuwa wa kumlinda aliyelala ndani.

Lilivyogeuka nimeliona kwa macho yangu. Baba yangu alikata mkonge upande wa Korogwe, na kambini wanawake walikuwa wametoka kila pembe ya nchi. Hakuna aliyejua mwenzake kachezwa au hakuchezwa. Wakigombana bombani, anayetaka kumuumiza mwenzake aliokota neno lolote lenye makali. Mwanamke akionekana na mume wa mtu, "msungo wewe." Akivaa khanga moja, "msungo." Hawakuuliza alifundwa na nani. Baadaye likahamia kwa wanaume. Mlevi akawa msungo. Anayetukana wazazi akawa msungo. Siku hizi anayebadilisha mabwana ni msungo, kijana wa bodaboda anayewapigia kelele wanafunzi ni msungo, mtu yeyote ambaye moyo wake ukitaka kitu hana wa kumwambia basi. Wajukuu zangu wengine wanasema "hana breki." Ni hilohilo.

Na ninawajua waliochezwa vizuri sana, ngoma siku tatu, mbuzi akachinjwa, wakatoka na kufanya ya kufanya. Hao hawaitwi wasungo. Hao watu huwaita kwa majina yao na kusema kapitiwa.

Mjukuu wangu neno lilimpata pande zote mbili. Baba yake alikuwa mtu wa Kerenge, mtu wa shule, na wakati binti alipopaswa kuwekwa ndani alisema mtoto wake hakosi darasa hata siku moja kwa ajili ya ngoma. Mimi nilikaa kimya. Mama yake akakaa kimya. Wifi yangu hakukaa kimya, alisema, "Mtakuja kuniambia." Kisha binti alipokua akakaa na mwanaume mmoja bila ndoa, wakaachana, akakaa na mwingine. Ana watoto wawili. Anacheka kwa sauti. Akija Sindeni anasalimia shikamoo kwa kila mtu hadi barabarani, lakini watu wanahesabu watoto kabla ya kuitikia marahaba.

Nirudi mlangoni.

"Bibi," mjukuu alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, si kama kawaida yake. "Miezi minne nimemwosha mimi. Jana asubuhi nimemwosha mimi."

"Jana alikuwa hai. Mtu hai anasema 'niache.' Huyu hawezi kusema."

"Na mimi nitamtangaza mama yangu kwa nani?"

"Sijui utamtangaza kwa nani. Wewe unakaa na nani sasa hivi hata nijue?"

Mwoshaji alisema, "Jamani, jamani," kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Ustadhi alisikia ng'ambo ya shuka lililotundikwa uani. Akaita bila kusogea: "Kina mama! Mtoto wa marehemu ndiye mwenye haki kuliko wote humo."

Wifi yangu akajibu bila kugeuza kichwa. "Tumekusikia ustadhi. Haki yake ipo palepale. Ataisubiria hapo nje."

Ustadhi akakohoa. Akasema muda unakwenda. Aliishia hapo, na sikumlaumu, kwa sababu mwanaume gani atavuka shuka lile?

Wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mama. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote pale. Wifi yangu mwenyewe alisema, "Mwulizeni mamaye. Yeye ameosha wangapi? Yeye ameshika mabinti wangapi pamoja nami? Aseme kama ni halali."

Hapa ndipo penye jambo langu.

Mimi sikuchezwa.

Tuliwekwa ndani wasichana saba, nyumbani kwa bibi yangu, mwaka wa njaa. Ilikuwa ile njaa ya kuchimba mizizi porini na kuiloweka siku tatu itoke sumu. Tulikaa ndani tukifundwa kidogo, lakini nafaka ya kupikia ngoma haikuwepo, na mwali hatolewi nje kimyakimya. Ikasemwa tusubiri mavuno. Kabla ya mavuno baba yangu akaja na kunichukua, akaenda nami kwenye mkonge. Alinitoa alfajiri kwa mlango wa nyuma, kichwa nimefunikwa. Bibi alilia. Mafunzo ya mwisho sikuyapata, kiapo sikula, ngoma sikupigiwa. Wenzangu sita walichezwa baada ya mavuno bila mimi.

Kule kambini nilipoolewa, watu walidhani nilichezwa Sindeni kabla ya kwenda. Niliporudi Sindeni na mume na watoto wawili, watu walidhani nilichezwa Korogwe. Hakuna aliyeniuliza, maana bibi alikuwa ameshafariki na wenzangu sita walikuwa wameolewa vijiji vingine. Ni kosa linaloweza kutokea kwetu tu, watu wa nyumba huku na kibarua kule. Kila upande uliamini kuwa upande wa pili umemaliza kazi. Nami nilikuwa mke wa watu na mama wa watoto, nitaanzaje kusema niwekwe ndani? Niliitwa kwenye uzazi nikaenda. Niliitwa kuosha nikaosha. Nyimbo nilizishika kwa kusikiliza. Wifi yangu alipopewa ukungwi akanichukua niwe msaidizi, nikakaa nyuma yake nikiitikia. Miaka yote ile nilikuwa nafunda watoto wa watu mambo niliyoyaokotea mlangoni.

Mume wangu alikufa hajui. Mwanangu aliyelala mle ndani alikufa hajui.

Basi nilipoulizwa nilisema. Sikupanga kusema. Nilisema, "Wifi, kama msungo haingii humo, basi na mimi nisiingie. Mimi sikuchezwa."

Nilidhani dunia itapasuka. Haikupasuka. Wifi yangu alinitazama, uso wake ukalegea kwa huruma, akanishika bega.

"Wifi yangu masikini. Uchungu umekuzidi."

"Sio uchungu. Nilitolewa na baba yangu kabla ya ngoma. Tulikuwa saba ndani."

"Sawa, wifi. Kaa chini kwanza. Mleteeni maji."

"Nawaambia tulikuwa saba!" Nikaanza kuwataja. Nilimtaja wa kwanza, mtoto wa mfinyanzi. Nikamtaja wa pili na wa tatu, mtu na mdogo wake. Nikamtaja yule mwenye kovu la moto mkononi, na yule aliyekuwa akilia usiku akimtaka mama yake, na wa sita aliyekuwa na sauti nzuri. Niliwataja na ubini wao, na nani aliolewa wapi, na nani kazikwa wapi, maana wote sita wameshatangulia. Nilitaka waone kwamba akili yangu iko sawa.

Wifi yangu akawageukia wenzake. "Mnaona? Amewataja wote hadi ubini. Asiyekuwa ndani angewajuaje?"

Mwoshaji akatikisa kichwa kukubali. Hata mtani wetu, ambaye kazi yake pale ni kupinga kila kitu, alisema taratibu, "Bibi, huo utani niachie mimi. Wewe umefiwa."

Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuwa kungwi. Ningenyamaza labda wangenishuku. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile. Miaka yote hiyo niliogopa kwamba nikisema neno lile litanirukia mimi. Siku niliyolivuta kwa mikono miwili lije kwangu, halikuja. Lilikuwa limeshamkalia mtu wa kumkalia, mwenye watoto wawili wasio na ndoa, na mimi kikongwe mjane mwenye tasbihi nilikuwa sifai kwa kazi hiyo.

Mjukuu aliweka ndoo chini. Hakuiweka kwa hasira, aliiweka polepole maji yasimwagike. Alisema, "Basi, Bibi. Jua linakwenda. Mama asikae na joto." Nilielewa. Angeweza kupiga kelele, angeweza kumsukuma wifi yangu, ana nguvu kuliko sisi wote. Watu wangegawanyika, maziko yangechelewa, na aliyelala ndani ndiye angeharibika. Alishindwa kwa sababu alimhurumia mama yake.

Wakanishika mkono wakaniingiza. Mimi.

Walinipa kata nimimine maji. Mwoshaji alisugua, wifi yangu akashikilia shuka la kusitiri. Nilimwagia mwanangu maji kwa mkono ambao, kwa sheria ile ile ya mlangoni, ulitakiwa uwe nje.

Halafu sauti ikaja kupitia pazia. "Ana kidonda ubavuni. Kushoto. Msimlalie upande huo."

Mwoshaji akasimama. Walikuwa wameshaanza kumgeuza upande huo huo. Akasema, "Sawa, mwanangu," wakamrudisha.

"Nywele zake zimeshikana kisogoni, sikuzichana juzi, alikataa. Msizivute."

"Sawa."

Kisha: "Na maji yawe ya vuguvugu. Ya baridi anashtuka."

Mwoshaji alinitazama. Wifi yangu aliachia pembe moja ya shuka, akachovya mkono kwenye ndoo, akakaa nao humo muda. Halafu akaita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena, "Ni vuguvugu, mama." Nilidhani sasa atafungua mlango. Hakufungua. Akashika tena pembe ya shuka, tukaendelea.

Hivyo ndivyo mwanangu alivyooshwa. Aliyemjua alikuwa nje akituelekeza, na sisi ndani tulikuwa tunapapasa.

Baada ya maziko nilimkuta mjukuu nyuma ya jiko akisuuza ndoo. Nilikaa kwenye kinu kilicholala. Alisuuza ndoo moja mara tatu kabla ya kusema.

"Bibi, nimekusikia ulivyonipigania. Asante."

"Nilisema kweli."

Alitabasamu, macho yamevimba. "Najua unanipenda. Lakini usijidhalilishe tena kwa uongo mkubwa namna ile kwa ajili yangu. Mbele za watu, Bibi! Wewe, mtu wa kuheshimiwa hivyo."

"Mama wee, si uongo."

"Basi, Bibi. Basi."

Akanifuta miguu iliyolowa. Niliendelea kumwambia, nikamwambia habari ya mlango wa nyuma na kichwa kilichofunikwa, naye akawa anaitikia "eeh, Bibi," "eeh," kama ninavyowaitikia mimi wagonjwa.

Alikaa mpaka hitima, akarudi Korogwe na watoto wake. Hupiga simu Ijumaa. Ananiuliza magoti, ananiuliza mahindi, ananiambia watoto wanavyosoma. Kuja hajaja, na mimi sina uso wa kumwambia aje. Wifi yangu naye anakuja kila wiki na maziwa kutoka kwa jirani zetu Wamasai, tunakunywa chai pamoja, mtu asiyejua atadhani hakuna kilichotokea. Juzi kaniambia kuna mabinti wanne watawekwa ndani likizo ikifika, niende nikamsaidie. Nimesema magoti yananisumbua. Kasema nitakaa kwenye kiti, kazi yangu itakuwa kuitikia tu. Sijui nitamjibu nini.

Nimeandika haya ili neno lisimuliwe na mtu aliyekuwa chini yake maisha yake yote bila mtu kumwona. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni. Huenda kwenu lilikuwa na maana nyingine, huenda milango ilikuwa mitatu na si miwili, mimi nasema kama nilivyoambiwa. Na kama yupo, Sindeni au Kerenge au popote kati ya hapo, ambaye bibi yake alimsimulia habari za nyumba ile ya wasichana saba, namwomba aseme alichosikia nami nikiwa bado na masikio. Kama alisimuliwa sita, aseme sita. Na kama alisimuliwa kwamba nami nilichezwa, kwamba ni mimi niliyesahau, basi aje aniambie ilikuwa siku gani na ni nani alinibeba begani kunitoa nje. Hapo nitamwomba radhi wifi yangu. Mjukuu wangu sijui nitamwomba nini.